UZI: AI kwa darasa la lugha ya kigeni, mahali imenisaidia na mahali imeniangushia mwanafunzi hapa Kisumu

Mwl wa Kijerumani, Kisumu (mwenye uzi)

Habari zenu wadau. Hii uzi nimeiahidi tangu mwezi uliopita, leo stima imerudi mapema wacha niandike yote mara moja kabla ipotee tena. Mimi nafundisha Kijerumani hapa Kisumu, kasenta kadogo tu juu ya duka upande wa Kondele, wanafunzi 14 kwa sasa, wengi ni manesi na wengine wamemaliza fomu foo wanatafuta nafasi ya kusomea kazi Ujerumani. Tangu serikali yetu na ya Ujerumani zitie sahihi ule mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, watu wamekuwa wengi, kila wiki naulizwa "mwalimu, B1 inachukua miezi mingapi" (B1 ni kiwango cha kati cha kujua lugha) na swali la pili bila kukosa ni "kwani siwezi kujifunza tu na AI kwa simu nikiwa nyumbani?"

Sasa mimi si adui wa hizi vitu. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 nilikuwa kati ya walimu wa kwanza huku kwetu kuijaribu, naitumia karibu kila siku, na kuna kazi inanifanyia kwa muda wa saa moja tu usiku ambayo zamani ilinimalizia Jumapili nzima. Lakini nimeona kitu na nataka niseme wazi kwa sababu ni pesa za watu na ndoto za watu.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi mmoja nesi, bidii yake sijaona tena. Kila Jumatatu barua yake inaingia kwa WhatsApp ikiwa safi kabisa, mpaka nikawa naisomea wenzake darasani. Siku moja nilikuwa nimewapa kazi ya kualika rafiki kwa siku ya kuzaliwa, barua ya kawaida, njoo Jumamosi, leta dadako, kutakuwa na keki. Ndani ya barua yake nikakuta "in Anbetracht der Tatsache, dass", yaani "kwa kuzingatia ukweli kwamba". Jamani hayo ni maneno ya wakili, mtu wa B1 hayaweki kwa mwaliko wa keki. Nikamuita pembeni nikamuuliza hii inamaanisha nini. Akaangalia karatasi, akaangalia dirisha, kisha akaniambia polepole "mwalimu, simu ilisema ikikaa hivyo ndio nzuri."

Nikaiacha ipite. Nilijiambia bora anaelewa, ataandika mwenyewe siku ikifika. Hilo ni kosa langu na nalijutia mpaka leo.

Siku ilifika. Kwa wale hawajui, mtihani wa B1 wa Goethe (ile taasisi ya lugha ya Kijerumani) una sehemu 4, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na kila sehemu lazima upate 60 kwa 100. Ya kuandika ni dakika 60, kazi 3: barua pepe kwa rafiki kama maneno 80, maoni yako juu ya jambo fulani maneno 80 tena, na barua fupi ya heshima maneno 40 hivi. Simu inabaki nje. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba mistari minne ya kwanza ilitoka, halafu mkono ukakataa, akawa anaona sentensi nzuri nzuri kichwani lakini hajui zinaanzaga na nini. Kusoma alipita, kusikiliza akapita, kuongea akapita, kuandika akaanguka. Afadhali B1 inakubali urudie ile sehemu moja pekee, lakini bado ni pesa ya mtihani tena na nauli ya basi la usiku tena, na hiyo pesa ilitoka kwa mama yake ambaye anauza omena.

Tangu siku hiyo darasani kwangu kuna sheria moja, kalamu kwanza. Tukifika wakati wa kuandika, simu zote zinaingia kwa karai ya bluu mbele, kila mtu anaandika kwa mkono dakika 25, hata akiandika mistari mitatu yenye makosa mia ni yake. Halafu ndio simu zinarudishwa, anapiga picha hiyo karatasi na anaipa AI maagizo haya, kwa Kiswahili tu inaelewa: *"Usiniandikie upya. Nionyeshe mstari wenye kosa na uniambie ni kosa la aina gani, lakini usinipe jibu. Mimi ni mwanafunzi wa B1."* Anarekebisha na kalamu nyekundu mwenyewe, halafu mimi ndio napitia ya mwisho.

Hayo maagizo msiyaone madogo. Usipoyaweka itakuandikia barua mpya kutoka juu hadi chini. Hii mashine kazi yake ni kukisia neno linalofuata, na imefunzwa kumfurahisha anayeuliza, sasa ukiileta barua mbovu inadhani unataka barua nzuri. Mwanafunzi naye anataka kuelewa kwa nini yake ni mbovu, na hizo ni haja mbili tofauti.

Nitaendelea chini kuhusu kuongea, maana huko ndio kuna mambo.

---

Madam wa Kakamega

Mwalimu asante sana, umenigusa. Mimi nafundisha Kifaransa shule ya bweni, hawa watoto hawana simu kabisa kwa hivyo hiyo shida ya kukopi siioni sana mpaka warudi kutoka likizo na insha za likizo, hapo sasa unakuta Molière, yule mwandishi mkubwa wa Kifaransa, fomu tuu.

Mimi AI naitumia upande wa mwalimu. Vitabu tulivyo navyo kila kifungu ni metro, mkate wa boulangerie, theluji ya Disemba. Mtoto wa Shinyalu anasoma kuhusu metro, anakariri, hana picha yoyote kichwani. Sasa naiambia initungie kifungu cha maneno 120, vitenzi vya wakati uliopo pekee, mama anaenda soko na mvua inanyesha saa nane vile mvua yetu hunyesha, anauza ndizi na mboga ya likhubi, boda inakwama kwa matope. Darasa lilichangamka siku hiyo vile sijawahi kuona, msichana ambaye huwa haongei akasimama kuuliza "matope" ni nini kwa Kifaransa ili asimulie yake. *La boue.* Hakuna atakayesahau hilo neno.

Lakini lazima usome kila mstari kabla upeleke darasani. Mara mbili imenitungia swali ambalo jibu lake haliko kwa kifungu. Na likhubi iliniandikia kama jina la mji.

---

Mwanafunzi wa Njoro

Mimi nasoma Kichina huku Njoro, Egerton kuna ile taasisi ya Confucius. Nauliza tu, hizi apu za kuongea nazo zinasaidia kweli? Kwa sababu mimi natumia moja kila jioni, inaniambia nimefanya vizuri sana, naingia darasani laoshi (mwalimu) anasema toni zangu zote zimelala. Mnajua Kichina *ma* ikiwa juu bila kushuka ni mama, ikipanda ni katani, ikishuka halafu ipande ni farasi, ikianguka ni kutukana. Simu yangu haijawahi kunikosoa hata siku moja.

---

Mwl wa Kijerumani, Kisumu (mwenye uzi)

Njoro hapo ndipo nilikuwa naelekea, asante.

Sikiliza, hiyo simu haikudanganyi kwa ubaya. Programu nyingi za kuongea, sauti yako kwanza inageuzwa kuwa maandishi halafu ndio inajibiwa. Na ile sehemu ya kugeuza sauti imefunzwa kwa rekodi nyingi mno, mfano ile ya Whisper ya OpenAI (kampuni ya ChatGPT) iliyotoka 2022 ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, hivyo imezoea kukisia unataka kusema nini kutokana na sentensi nzima. Ukisema "napanda farasi" na toni mbovu, inajua watu hawapandi mama, inakuandikia farasi. Kwa kuagiza chakula simuni hiyo ni baraka. Kwa mwanafunzi inaficha ugonjwa.

Mimi niligundua hivi. Dholuo haina sauti ya "sh", sasa wengi wetu ambao tulikua tukiongea Dholuo nyumbani hiyo "sh" hugeuka "s" bila mtu kujisikia. Nilikuwa na kijana akifanya mazoezi na simu, anasema "Ich gehe in die Sule", na kwa skrini inatokea *Schule* (shule) imenyooka. Anafurahi, anaendelea. Miezi miwili anafanya mazoezi ya kosa.

Basi nikaja na kitu tunaita darasani mchezo wa kikombe na mkoba. *Tasse* ni kikombe, *Tasche* ni mkoba. Zinatofautiana hapo tu katikati. Unafungua ile sehemu ya simu ya kuandika kwa sauti, unaweka Kijerumani, na unasema neno moja pekee yake bila sentensi, simu haina cha kukisia. Kama ulitaka mkoba na imeandika kikombe mara tano mfululizo, basi umejua pa kuanzia. Siku ya kwanza watu 14, waliopata Tasche mara tatu mfululizo walikuwa 4. Nikawapanga wawili wawili, mmoja anasema mwingine anaonyesha kitu chenyewe mezani, kikombe cha chai na mkoba wa mwenzake, na hapo hakuna mashine, ni sikio la mtu. Nesi wa Ujerumani akiitishwa mkoba na mgonjwa mzee alete kikombe, huyo mzee atadhani hasikilizwi.

Ndugu yangu wa Njoro fanya hivyo hivyo na *ma* yako, neno moja moja. Na kama nyumbani mnaongea lugha yenye toni usisahau sikio lako tayari linajua hiyo kazi. Dholuo ina toni, lugha nyingi za Waluhya pia, ni Kiswahili ndio hakina. Mwambie laoshi akuanzishie hapo.

---

Baba Tatu, Bungoma

Naingilia kama mzazi. Binti yangu yuko chuo fulani anasoma Kifaransa, juzi ameitwa na mwalimu akaambiwa insha yake "imeandikwa na AI asilimia 80" kwa sababu kuna programu ya kugundua imesema hivyo. Mtoto analia. Mimi nilimuona kwa macho yangu akiiandika kwa meza ya jikoni na kamusi, usiku, mpaka nikamwambia alale. Hiyo programu inaweza kukosea ama nimtilie mtoto shaka?

---

Mwl wa Kijerumani, Kisumu (mwenye uzi)

Mzee usimtilie shaka kwa sababu ya hiyo namba peke yake. Hizo programu zinakosea, na zinakosea zaidi kwa mtu anayeandika lugha ambayo si yake. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni), zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwa programu 7 za kugundua. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha, kama asilimia 61, ziliitwa kazi ya mashine, na ni watu waliziandika. OpenAI wenyewe wenye ChatGPT walikuwa na programu yao ya kugundua, wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa inapata sawa.

Sababu ni rahisi kuelewa. Hizo programu nyingi zinaangalia kama maneno yanatabirika. Sasa mwanafunzi ana maneno 1,500 tu ya Kifaransa, atatumia yale yale, sentensi fupi, mpangilio aliofundishwa. Lazima atatabirika! Tunamfundisha atabirike halafu tunamuadhibu.

Vile mimi hufanya nikishuku, nampa mtu kiti, namwambia nisimulie hii barua yako kwa mdomo bila karatasi. Dakika tatu zinatosha. Aliyeandika atakosea hapa na pale lakini anajua anaenda wapi. Mwambie binti aombe hiyo nafasi kwa heshima, na aende na karatasi zake za kufutafuta kama bado anazo.

---

Madam wa Kakamega

Kweli kabisa. Na Baba Tatu, mwambie kuanzia sasa asitupe rafu. Mimi wangu wanatoa rafu na insha pamoja, nasoma rafu kwanza. Kwa rafu unaona mtoto akifikiri, amekata *le* ameweka *la*, amerudisha *le*. Hiyo mikato ndio napenda kuliko insha yenyewe.

---

Nesi wa Ahero

Mwalimu shikamoo. Mimi nasoma peke yangu kwa sababu ya shifti za usiku, siwezi kufika darasani Kisumu kila siku na bando nanunua ya wiki. Shida yangu ni der die das, yale maneno madogo yanayokaa mbele ya nomino za Kijerumani. AI inanieleza kwa Kiingereza na kila mara inaanza na "tofauti na Kiingereza, nomino za Kijerumani zina jinsia". Nimesoma hiyo maelezo labda mara ishirini. Inaingia inatoka.

Pia nauliza, nilipewa karatasi za mkataba kwa Kijerumani na wakala, nikazipiga picha nikaziweka kwa AI initafsirie, pamoja na pasipoti. Ni sawa?

---

Mwl wa Kijerumani, Kisumu (mwenye uzi)

Marahaba dada yangu. Nianze na la pili kwa sababu ni la haraka. Pasipoti usiweke tena, wala kitambulisho, wala barua ya mgonjwa yeyote hata kama ni ya mazoezi. Hizo picha zinaenda kwa mitambo ya watu nje ya nchi na hujui zinakaa huko muda gani. Tuna sheria yetu ya kulinda data ya 2019 lakini ni wewe wa kwanza kujilinda. Mkataba ukitaka kuuelewa, andika upya vile vifungu bila majina na namba, itakueleza hivyo hivyo, na kabla utie sahihi tafuta mtu anayejua Kijerumani ausome wote.

Sasa der die das. Wewe shida yako si kichwa, ni kwamba unaelezewa kupitia lugha ambayo haina hicho kitu. Kiingereza kimepoteza, wewe unacho! Hebu sema: *kiti changu kimevunjika. Meza yangu imevunjika. Gari langu limevunjika.* Nani alikufundisha *ki* na *i* na *li*? Nomino inaingia na inavuta maneno mengine yote nyuma yake, na hukuwahi kuuliza kwa nini meza si *ki*. Uliisikia na vifuasi vyake, ikakaa. Der die das ni familia hiyo hiyo, nomino inavuta: *mein Stuhl, meine Lampe, mein Buch*. Hazilingani moja kwa moja na ngeli zetu na zile ziko tatu tu, lakini hiyo misuli ya upatanisho uko nayo tangu utotoni, tena Mkenya ambaye ameteswa na ngeli shuleni ana faida hapa kuliko Mwingereza.

Kwa hivyo iambie AI hivi: *"Nieleze kwa Kiswahili. Tumia upatanisho wa ngeli kama mfano. Usilinganishe na Kiingereza."* Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza maelezo yaligeuka kabisa. Bado kuna mahali Kiswahili chake kinayumba, ngeli yenyewe ilinikosea kwa *magari* siku moja, kwa hivyo iwe ni ya kukuanzishia, si ya kukariri. Dholuo nayo Google Translate waliiongeza Juni 2024 kwa zile lugha 110, lakini kwa kueleza sarufi bado mimi siitegemei, kwa neno moja moja naiangalia.

Na kwa sababu ya bando fanya hivi: ukiwa na intaneti siku moja, itunge maneno 30 ya wodini kwa sentensi, kila neno na der ama die ama das yake, nakili kwa daftari kwa mkono. Wiki nzima unasoma daftari kwa matatu, kati ya Ahero na kazini. Huhitaji kuwa mtandaoni ndio usome.

Halafu usiku ukiwa peke yako ongea nayo kwa sauti. Hapo naisifu bila kubana. Nina mwanafunzi mwoga, darasani akisimama sauti inakauka, alikuwa anaongea na simu dakika 15 kila usiku watoto wakilala, anajifanya anapokea mgonjwa, simu ndio mgonjwa. Haikumcheka, haikumchoka. Ilimkubalia "ich habe gegangen" mara kadhaa badala ya "ich bin gegangen" (nimeenda) mpaka nikamuongezea maagizo ya kumsimamisha kila akikosea, lakini ule woga uliisha. Alipokuja kwa mazoezi ya kuongea wawili wawili, ile kazi ya kupanga kitu pamoja na mwenzako, yeye ndiye alimvuta mwenzake.

---

Nesi wa Ahero

Mwalimu Mungu akubariki. Kiti kimevunjika nimeielewa kwa dakika moja. Naomba unipe maneno mengine ya ule mchezo wa kikombe, nikitoka shifti nijaribu.

---

Mwl wa Kijerumani, Kisumu (mwenye uzi)

Chukua haya, yote yanatofautiana kwa s na sh:

*Tasse* kikombe, *Tasche* mkoba
*wissen* kujua, *wischen* kupangusa
*Bus* basi, *Busch* kichaka
*Fleiß* bidii, *Fleisch* nyama

Neno moja moja, pumzika katikati. Andika kwa daftari simu imeandika nini kila mara, usiamini kumbukumbu.

---

Nesi wa Ahero

Nimefanya saa kumi na mbili asubuhi nikingoja matatu. Tasche nimepata 2 kwa 5. Wischen 4 kwa 5, hiyo nimefurahi, ni neno la kazi yangu. Busch imekataa kabisa, zote tano imeandika Bus, na kweli basi lilikuwa linapita.

Narudia kesho. Jumamosi niko ofu, mwalimu hiyo karai ya bluu niwekee nafasi, nakuja na kalamu.

---

Mwl wa Kijerumani, Kisumu (mwenye uzi)

Saa nne kamili. Kuja na ile barua ya kuandikia rafiki, ya mkono, hata iwe mistari mitano.